Kwa Nini Mfumo Haupangi Alhamisi

Ni saa moja kasorobo asubuhi. Karani wa masijala ya kituo cha afya anasukuma dirisha la mbao kwa bega, maana limevimba tangu mvua zilizopita na halisikii lugha nyingine. Upande wa pili, akina mama kumi na wawili wamekwisha kupanga kadi za kliniki za watoto wao kwenye kizingiti, moja juu ya nyingine.

"Kadi ya chini ndiyo ya aliyefika kwanza, au kuna aliyechomeka?" anauliza.

Watu wanacheka. Mama mmoja mwenye mtandio wa kijani anajifanya kumfunga mtoto kofia. Kadi yake inarudishwa mahali pake bila ugomvi na foleni inaanza.

Karani anaingiza namba ya kadi kwenye kompyuta, anabonyeza, tarehe ya kurudi inatokea. Anaiandika kwa kalamu nyeusi, anapiga mhuri, kisha anamtajia mama siku na kumtaka airudie kwa sauti. "Jumatatu, wiki nne kutoka leo. Sema nikusikie." Mama anasema. Anayefuata.

Programu inayotoa tarehe hizo haikununuliwa popote. Aliiandika yeye.

Ana umri wa miaka arobaini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia nyuma ya dirisha hili. Hakusomea kompyuta. Alijifunza kwenye mashine iliyotupwa na ofisi ya uhasibu, kwa kitabu kisicho na jalada, wakati wa mapumziko ya mchana na Jumapili akishamaliza kufua.

"Kurasa za mwanzo zilikuwa zimechanika, nikaanzia sura ya tatu," anasema. "Ndiyo maana hadi leo kuna mambo ya msingi siyajui, ila magumu nayajua."

Wenzake hapa kituoni wanamwita Mama Alhamisi. Nililichukulia jina hilo kama utani wa kazini tu. Kumbe ndilo lililonileta hapa, na ndilo lililowaepusha watoto kadhaa, katika vituo asivyowahi kuvikanyaga, na sindano iliyopangwa kabla ya wakati wake.

Kisa kinaanzia kwenye friji. Miaka kumi na moja iliyopita kituo hiki kilikuwa na friji moja kuukuu ya kuhifadhia chanjo, na ilikuwa ikijaza barafu kama iliyoapa. Kila Alhamisi ilibidi izimwe, chanjo zihamishiwe kwenye sanduku la baridi, barafu iyeyushwe na sakafu ipigwe deki. Siku hiyo hakuna mtoto aliyechanjwa.

Akina mama walikuwa wakija Alhamisi hata hivyo, na kazi ya kuwarudisha ilikuwa ya karani. "Nilitukanwa hadi nikazoea. Nikasema, hapana, nikiandika programu yangu, hii siku siitaki kuiona kabisa." Kwa hiyo katika programu yake ya kwanza aliweka mstari mmoja mfupi: tarehe ikiangukia Alhamisi, isogeze hadi Ijumaa. Sababu hakuiandika. Kila mtu kituoni alikuwa akiijua, hata mbwa wa mlinzi.

Programu ilifanya kazi vizuri. Kituo jirani kikaiomba, kisha kingine. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mumewe, fundi wa makochi, hakulielewa hadi juzi juzi: aliiweka wazi mtandaoni, kwenye hazina ambako waandishi wa programu huria huweka kazi zao ili yeyote aweze kuzisoma na kuzichukua bure.

Bure, lakini kwa masharti. Juu kabisa ya maandishi ya programu aliweka leseni ya aya moja. Chukua, tumia, badilisha, wape wengine. Acha tu jina langu na anwani yangu mahali pake, na ukirekebisha kitu, rekebisho lako nalo liwe wazi kwa wote.

Vituo sitini na vitatu viliichukua. Nilimuuliza amelipwa kiasi gani kwa miaka yote hiyo, akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Trei moja ya mayai. Matatu yalifika yamevunjika."

Malipo yake hasa yalikuwa barua pepe. Makarani na wauguzi asiowajua walikuwa wakimwandikia: hapa kwetu siku ya kufunga ni Jumanne, tufanyeje? Akaitoa ile Alhamisi na kuweka mahali pa kila kituo kuchagua siku yake. Kituo hiki kilipoletewa friji mpya, Alhamisi ikarudi kuwa siku kama siku nyingine. Jina la utani ndilo halikurudi lilikotoka.

Halafu likaja kosa. Anapolisimulia anashusha sauti, ingawa ni miaka minane sasa.

Kuna chanjo ambayo mtoto huchomwa mara tatu, na kati ya sindano moja na nyingine ni lazima zipite angalau wiki nne. Programu yake ya mwanzo ilikuwa ikihesabu tarehe zote kuanzia siku ya kuzaliwa. Kwa mtoto anayefika kwa wakati, hesabu inakwenda sawa. Kwa mtoto aliyechelewa sindano ya pili kwa wiki mbili, programu ilikuwa ikimpangia ya tatu palepale ilipokuwa, yaani baada ya wiki mbili tu.

Aliyeligundua ni muuguzi mkuu wa wakati huo, mama mkali ambaye sasa amestaafu. Alikuja dirishani na kadi mkononi. "Mwanangu, mashine yako inataka kuniharibia kazi. Sindano iliyowahi hivi ni sawa na ambayo haikuchomwa. Mtoto ataondoka hapa mama yake akiamini ana kinga, na kinga hana."

Karani hakula mchana ule. Alirekebisha, akajaribu kwa kadi za zamani, kisha akawaandikia wote waliokuwa na programu yake, kituo kimoja kimoja. Kwa kuwa kila nakala ilikuwa na jina na anwani yake, na kila aliyeichukua alikuwa akijua ilikotoka na amekwisha kumwandikia, katika wiki tatu hakukubaki kituo chenye lile kosa.

"Watu wanadhani jina nililiweka kwa kujisikia," anasema. "Mimi jina langu hata mume wangu halitumii. Nililiweka ili mtu akiharibikiwa ajue pa kugonga, na mimi nikikosea nijue nimkimbilie nani."

Miaka miwili iliyopita barua zikaanza kupungua. Kutoka arobaini kwa mwezi zikawa kumi, zikawa tatu. Alidhani watu wamempata mwingine aliye bora. Kwa namna fulani ni kweli, kwani wengi walikuwa wakiuliza akili mnemba, zile programu zinazojibu maswali na kuandika programu nyingine ukiziagiza kwa maneno ya kawaida. Zimefundishwa kwa kusomeshwa maandishi mengi mno ya programu yaliyokuwa wazi mtandaoni. Ya kwake yalikuwa wazi, toleo la kwanza pamoja na yaliyofuata.

Hakukasirika. Alizijaribu mwenyewe, na moja ilimsaidia kuandika mwongozo wa watumiaji aliokuwa akiukwepa kwa miaka. "Ina adabu kuliko mimi," anakiri.

Hadi siku alipomsindikiza mdogo wake kliniki.

Mdogo wake anaishi upande wa pili wa mji na anatumia zahanati binafsi iliyo karibu naye. Alikuwa ameugua, mtoto akachelewa sindano ya pili kwa siku kumi na tano. Mama mkubwa akabeba mkoba, akabeba na mtoto, wakaenda wote watatu. Sindano ikachomwa, mtoto akalia, akanyamazishwa. Wakasogea dirishani kuchukua tarehe.

Karani wa pale, msichana mpole, alikuwa akitumia mfumo mpya wenye rangi za kupendeza. Mdogo mtu akaomba wapangiwe Alhamisi, siku yake ya mapumziko.

"Samahani dada, mfumo haupangi Alhamisi."

"Kwa nini?"

"Sijui, ndivyo ulivyo. Tunawapa Ijumaa."

Mama Alhamisi alicheka. Alicheka hadi akaegemea dirisha la watu, na mdogo wake akaona aibu. Kisha akaichukua kadi na kuisoma tarehe ya kurudi, na kicheko kikaisha hapohapo. Ilikuwa baada ya wiki mbili.

"Nilijua palepale," anasema. "Alhamisi ilikuwa ya toleo langu la kwanza. Na kama Alhamisi ipo, basi na kosa lipo. Hivi vitu viwili vilizaliwa siku moja."

Alimwomba karani yule asiitumie tarehe ile, akahesabu wiki nne kwa vidole na kuiandika mwenyewe. Muuguzi wa zamu aliitwa, akaikagua kadi, akakubaliana naye, kisha akaiangalia kompyuta kwa jicho ambalo karani wa pale hajalisahau. Namba ya simu ya aliyeuza mfumo ilikuwa imebandikwa ukutani.

Muuzaji huyo ni kijana wa miaka ishirini na tisa, na ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya shule. Nami nilimtembelea. Ana meza mbili, feni yenye kelele, na tabia ya kumkaribisha mgeni kiti chenye mguu mzima na kukalia kibovu yeye. Aliutengeneza mfumo kwa siku tisa akisaidiwa na akili mnemba, na vituo kumi na vinne vinautumia.

"Aliponipigia nilidhani ni tapeli," anasema. "Mtu hujamjua, anakwambia, mwanangu, nina hakika una mstari unaoikataa Alhamisi. Nikajiuliza, huyu mama ameingia kwenye kompyuta yangu?"

Walikaa pamoja Jumamosi moja mchana, maandishi ya mama upande mmoja wa skrini, ya kijana upande mwingine. Mistari mia mbili na kumi ilifanana neno kwa neno. Hata lile jina alilolitunga karani kwa sehemu inayosogeza tarehe mbele, "msubirishe kidogo", lilikuwepo pale, zima kabisa. Kilichokosekana ni aya moja tu ya juu, yenye jina, anwani na masharti.

Kijana hakuwa amemnakili mtu, kwa kadiri anavyojua. Aliagiza kwa Kiswahili apewe programu ya ratiba ya chanjo, akapewa. Programu za aina hiyo zilizoandikwa kwa Kiswahili na kuwekwa wazi hazizidi vidole vya mkono mmoja. Mashine ilipotafuta namna ya kujibu, haikuwa na pengi pa kuchota.

Nilimuuliza kwa nini hakuiondoa Alhamisi. Alijikuna shingo.

"Nilidhani ni kanuni ya kitabibu. Mimi si daktari. Nikaiuliza ile akili mnemba, ikanieleza vizuri sana kwamba kuna vituo hupumzisha chanjo katikati ya wiki ili ubora usishuke. Aya nne! Nikawaelezea na wateja."

Mama Alhamisi alipoambiwa kwamba barafu ya friji yake imekuwa sayansi, alifuta machozi kwa kiganja. "Ningejua ningeiandikia kitabu."

Kijana alirekebisha mfumo siku ileile, akavipigia simu vituo vyake vyote kumi na vinne, na kadi za watoto waliochelewa zikapitiwa upya. Watoto ishirini na sita walikuwa wamepangiwa mapema mno. Watatu walikuwa wamekwisha kuchomwa na wakaitwa kurudia. Kisha, bila kuambiwa, akairudisha ile aya ya juu mahali pake.

Je, sheria inasemaje? Nilimpelekea swali hilo wakili anayeshughulika na hakimiliki, akaniomba nikae kwanza.

"Wazo la kupanga tarehe si mali ya mtu. Maandishi yake, yale aliyoyaandika, ni mali yake, na leseni ni makubaliano," alisema. "Ila ukiniuliza nani aliyenakili, hapo ndipo tunapovutana. Ni kijana aliyeagiza? Ni mashine? Ni kampuni iliyoisomesha? Mawakili wanabishana na mahakimu wanasikiliza. Mteja wangu angekuwa huyu mama, ningemwambia ukweli: anaweza kudai, lakini ajiandae kuzeeka akidai."

Alipoyasikia hayo, karani alitaka kuifunga programu. Anasema hivyo wazi. Kubonyeza mara mbili tu, na programu yake ingetoka mtandaoni, iwe ya kituo hiki na ya vile sitini na vitatu, basi.

"Iliniuma," anasema, na safari hii hafanyi mzaha. "Si kwa sababu ya pesa, pesa sikuwa nazo nikaibiwa. Iliniuma kwamba kazi yangu inazunguka huko nje haina mama. Watoto wanapangiwa vibaya kwa mkono wangu, na mimi sijui wako wapi. Nilimsahihisha kila niliyemjua. Hawa nitawajuaje?"

Mazungumzo yaliyombadilisha aliyafanya na mumewe, kwenye karakana, katikati ya sponji na misumari. Mumewe ananieleza bila kuacha kupigilia. "Nilimwambia, mimi nikiuza kochi sijui nani atalikalia. Lakini likivunjika wanajua pa kulileta, nembo yangu iko chini ya mto. Akaniambia, mume wangu, wameng'oa nembo. Nikamuuliza, hakuna alama nyingine yoyote uliyoiacha?"

Hapo, mumewe anasema, mkewe akasimama ghafla hadi akamwaga kopo la gundi, na gundi ile haijatoka sakafuni hadi leo.

Alama ilikuwepo. Aliiacha bila kujua, miaka kumi na moja iliyopita, kwa sababu ya friji.

Wiki iliyofuata, yeye na yule kijana waliandika tangazo la mistari mitano na kulisambaza kwenye makundi ya simu ya wauguzi, makarani na wakunga. Halikutaja hakimiliki wala kumlaumu mtu. Lilisema: "Jaribu kumpangia mtoto chanjo siku ya Alhamisi. Kama mfumo wenu unakataa na hakuna anayejua sababu, mimi naijua. Nipigie." Chini yake, namba ya simu ya masijala.

Hadi naandika, vituo kumi na kimoja vimepiga. Vitatu kati ya hivyo, mifumo yake iliandikwa na watu watatu tofauti, ambao hawajuani, na wote waliiagiza akili mnemba. Vingine havijui nani aliyeviandikia.

Na programu ameiacha wazi. "Nikiifunga, nimefungia ile nzuri," anasema. "Ile mbovu itaendelea kutembea tu. Bora iliyosahihishwa ibaki nje, isomwe na watu, isomwe na mashine, mradi isomwe."

Amebadilisha jambo moja. Sasa kila kanuni ndani ya programu ina sababu yake pembeni, kwa Kiswahili cha kueleweka na mtu yeyote: kwa nini wiki nne, nani aligundua, mtoto gani angeumia, na pa kuuliza. Amefikia nusu. Anaandika wakati wa mapumziko, kama zamani, na mpango wake ni kumaliza kabla ya mwisho wa mwaka. Muuguzi mkuu mstaafu huja Jumatano kumkagulia, na bado ni mkali.

"Sijui kama mashine itazibeba hizo sababu au itaziacha kama ilivyoliacha jina langu," anasema. "Lakini kijana kama yule akizikuta, hatahitaji kutungiwa hadithi."

Ni saa sita sasa. Foleni imekwisha, mama wa mtandio wa kijani amekwisha kuondoka na tarehe yake, na karani anafungua chombo chake cha chakula. Simu ya masijala inalia kabla hajashika kijiko. Anabonyeza kitufe cha sauti ya juu ili mikono yake ibaki huru.

"Shikamoo mama," inasema sauti ya mwanamke, ya mbali, yenye haraka. "Nimeona tangazo. Sijui kama ni sisi."

"Marahaba mwanangu. Uko mbele ya kompyuta?"

"Niko."

"Hebu fungua kadi yoyote ya mtoto. Mpangie Alhamisi."

Tunasikia vitufe vikibonyezwa. Kuna mtoto analia mahali fulani nyuma yake, na mtu anamwimbia. Vitufe tena.

"Inanipeleka Ijumaa."

"Jaribu Alhamisi nyingine."

"Ijumaa tena, mama."

Mama Alhamisi anafunika chakula chake, anakisogeza pembeni, na kuvuta daftari.

"Haya, nimewapata," anasema. "Usikate simu. Nitafutie kwanza kadi za watoto waliochelewa."